Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mwalimu wa Shule na Ufundishaji wa Mtandaoni na wa Masafa

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya walimu wa shule za msingi na sekondari wanaotakiwa kufundisha wanafunzi wasiokuwa mbele ya macho yao, iwe ni kwa muda mfupi kwa sababu shule imefungwa, au kwa mpango wa kudumu. Karibu yote yanatokana na msimamo mmoja: somo la mbali hupangwa kwa kumfikiria kwanza mwanafunzi mwenye mawasiliano hafifu kuliko wenzake wote, na ya ziada huongezwa baadaye kwa wenye uwezo nayo.

Je, kufundisha mtandaoni na kufundisha kwa masafa ni jambo moja?

Hapana. Ufundishaji wa masafa ni mpana zaidi, na ulikuwapo muda mrefu kabla ya kompyuta. Mwaka 1840 Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato, yaani mwandiko wa haraka wa alama fupi, nchini Uingereza kwa kutuma masomo kwa njia ya posta na kuwarudishia wanafunzi kazi zao zikiwa zimesahihishwa. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa masafa mwaka 1946. Mwaka 1951 watoto wa maeneo ya mbali ya Australia walianza kusomeshwa kwa redio ya mawasiliano kutoka Alice Springs. Na mwaka 1968 Mexico ilianzisha Telesecundaria, mpango wa masomo ya sekondari kwa njia ya televisheni. Mtandao umekuja juu ya msingi huo kama chombo kimoja zaidi.

Historia hii inamhusu mwalimu wa leo kwa sababu ya kile ambacho mifumo hiyo yote ilikuwa nacho. Hata ile iliyotumia redio na televisheni ilisindikizwa na vitabu na kazi za kuandika, na haikumwacha mwanafunzi asikilize tu. Maelekezo yaliyo wazi, zoezi la kufanya na mrejesho unaorudi kwa wakati ndivyo vilivyoibeba, na pale kimoja kinapokosekana, kifaa cha bei kubwa hakiwezi kuziba pengo hilo. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, UNESCO ilikadiria kwamba wanafunzi karibu bilioni 1.6 katika nchi zaidi ya 190 waliathiriwa na kufungwa kwa shule. Sehemu kubwa ya kilichofanyika wakati huo kilikuwa ufundishaji wa dharura, na si haki kuupima ufundishaji wa masafa uliopangwa vizuri kwa kipimo cha miezi ile.

Nimetakiwa kuhamia mtandaoni ndani ya siku chache. Nianzie wapi?

Ni vyema kuanza na wanafunzi kabla ya kuchagua programu. Mwalimu aulize mambo manne: nyumbani kuna kifaa gani, kifaa hicho ni cha nani na mtoto hukipata saa ngapi, mtandao unalipiwaje, na je, yuko mtu mzima anayeweza kusaidia. Swali la saa ndilo linalosahaulika zaidi, ingawa ndilo linaloamua mengi, kwa kuwa simu ya mzazi anayeondoka alfajiri na kurudi jioni haiwezi kumfikishia mtoto kipindi cha saa nne asubuhi, hata iwe simu nzuri namna gani.

Baada ya hapo achague njia moja ya kutolea kazi, njia moja ya kupokelea majibu, na siku moja ya juma ambayo mpango wa juma zima utatoka bila kukosa. Uamuzi huu haufai kufanywa na kila mwalimu peke yake. Mzazi mwenye watoto watatu katika madarasa matatu, akikuta kila mwalimu ana jukwaa lake na nenosiri lake, hufika mahali akaacha yote. Kwa hiyo walimu wa shule moja wakubaliane.

Juma la kwanza lisiwe na mada mpya. Wanafunzi watumie maudhui wanayoyafahamu tayari kujifunza namna ya kufungua faili, kuandika jibu, kupiga picha ya daftari inayosomeka na kuituma mahali panapotakiwa. Walimu wengi huona kwamba huko ni kupoteza muda. Lakini mwanafunzi anayepambana na mada ngeni na programu ngeni kwa wakati mmoja huwa hajifunzi hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Je, nifuate ratiba ileile ya darasani na kufundisha vipindi vyote mubashara?

Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na linaeleweka, kwa sababu ratiba ya zamani humpa kila mtu hisia kwamba shule inaendelea. Vipindi sita vya mubashara kwa siku humchosha mwalimu na mwanafunzi kwa namna ambayo vipindi sita vya darasani haviwachoshi. Mtafiti Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika makala yake ya mwaka 2021, alieleza sababu nne za uchovu huo: kutazamana kwa karibu na kwa muda mrefu kupita kawaida, kujiona mwenyewe kwenye kioo cha kifaa wakati wote, kukaa mahali pamoja bila kujongea, na juhudi ya ziada ya kutoa na kusoma ishara za mwili kupitia kamera.

Mpangilio unaofaa zaidi kwa shule nyingi ni kukitenga kipindi cha mubashara kwa mambo ambayo hayawezi kufanyika bila watu kuwa pamoja: kuuliza na kujibu maswali, kujadili, kufanya mfano mgumu kwa hatua huku wanafunzi wakikatiza, na kujuana hali. Maelezo ya mada, usomaji na mazoezi yaende kwa njia ambayo mwanafunzi anaweza kuitumia saa yoyote. Dakika 25 hadi 30 za mubashara mara moja au mbili kwa juma kwa kila somo zinaweza kutosha, mradi muda huo usitumike kusoma kwa sauti kile kilichoandikwa tayari. Kipindi kikirekodiwa, muhtasari wa maandishi wa ukurasa mmoja uambatane nacho, kwa kuwa ni wachache sana wanaorudi kutazama kipindi kizima.

Wanafunzi wangu wanalalamika kwamba bando linaisha haraka. Nifanye nini?

Walalamike, kwani hesabu iko upande wao. Sauti inayosafiri kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 29 kwa saa (baiti moja ni biti nane). Video inayosafiri kwa megabiti 1 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 450 kwa saa hiyohiyo, yaani zaidi ya mara kumi na tano. Vipindi vitano vya video vya saa moja kila kimoja hufikia gigabaiti 2.25 kwa siku moja, kwa mtoto mmoja. Ujumbe wa sauti wa dakika tano uliobanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde hauzidi sana megabaiti 1.2, na ukurasa wa maandishi matupu ni kilobaiti chache tu.

Kutokana na hesabu hiyo, mwalimu anaweza kujiwekea utaratibu wa kupanda ngazi: kila jambo lianze na maandishi, pale maandishi yasipotosha iongezwe picha moja iliyopunguzwa ukubwa, pale picha isipotosha iongezwe sauti, na video ije mwisho, kwa jambo linalohitaji mwendo kuonekana, kama vile hatua za kuchora pembe kwa bikari au namna ya kushika kifaa cha maabara. Katika kipindi cha mubashara mwalimu mwenyewe anaweza kuzima kamera yake baada ya salamu na kubakiza ubao au ukurasa anaouonyesha. Faili zitumwe saa ambazo familia huwa na mtandao wa nafuu, na zitumwe mara moja kwa juma, badala ya kutiririka kila siku.

Na wale wasio na kifaa wala mtandao kabisa?

Wapewe karatasi, na karatasi hiyo iwe somo kamili, lenye hadhi sawa na la wenzao. Kitini cha majuma mawili chenye maelezo, mifano iliyofanywa hatua kwa hatua, mazoezi, na majibu yaliyowekwa ukurasa wa nyuma kinaweza kufundisha vizuri kuliko video nyingi. Kinachohitajika ni siku ya kukichukua na kukirudisha, na mwalimu anayekisahihisha kweli. Redio hufika mbali, lakini hufaa zaidi pale kitini kinapofuata kipindi kilekile. Mahali ambapo shule au kituo cha jamii kina kompyuta chache bila mtandao, programu ya Kolibri, inayotolewa bure na taasisi ya Learning Equality, huruhusu masomo kupakuliwa mara moja na kusambazwa kwa vifaa vingine kwa mtandao wa ndani wa jengo. Simu ya kawaida isiyo na intaneti nayo isidharauliwe: mazungumzo ya dakika tano kwa juma na mwanafunzi asiyeonekana popote mara nyingi ndiyo yanayomzuia asiache masomo.

Andalio la somo linabadilika vipi?

Darasani, sehemu kubwa ya kazi ya mwalimu haiandikwi popote. Huona nyuso zimekunjamana akarudia maelezo, husogea hadi dawati la nyuma, huona daftari limekosewa mstari wa pili akasahihisha papo hapo. Kwa masafa, hayo yote yanapaswa kutabiriwa na kuandikwa mapema. Kwa sababu hiyo andalio la somo la mbali huwa refu upande wa maelekezo na fupi upande wa maudhui, na mwalimu atakayejaribu kumaliza silabasi kwa mwendo wa darasani atavunjika moyo.

Maelekezo ya kila kazi yajibu maswali ambayo mwanafunzi angeyauliza kwa kunyoosha mkono: nifanye nini hasa, kwa mpangilio gani, itanichukua muda gani, jibu zuri linafananaje, nitume wapi na kwa njia gani, mwisho lini, na nikikwama nimwulize nani. Maelekezo ya namna ya “soma sura ya nne kisha ujadili” hayatoshi. Andiko lisemalo “soma kurasa tatu za mwanzo, andika sababu mbili zilizotajwa na moja unayoifikiria mwenyewe, kwa sentensi zisizozidi sita” humwezesha mwanafunzi kuanza bila kumsubiri mtu. Kipimo kizuri ni kumpa mwalimu wa somo lingine asome maelekezo na kueleza angefanya nini. Akisita, mwanafunzi atakwama.

Pia ni vyema kukatakata somo, yaani maelezo mafupi, zoezi dogo, kisha maelezo mengine. Ushahidi juu ya faida ya kujikumbusha ni wenye nguvu: katika utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa mwaka 2006, wanafunzi waliosoma andiko kisha wakajipima kwa kulikumbuka walibaki na mengi zaidi baada ya juma moja kuliko waliolisoma tena na tena. Maswali matatu ya kukumbuka somo lililopita, yasiyo na alama, yanaweza kufungua kila somo la mbali bila gharama yoyote.

Video ninayorekodi iwe na urefu gani?

Iwe fupi kuliko unavyotamani. Guo, Kim na Rubin, katika utafiti wa mwaka 2014 uliochunguza utazamaji mara milioni 6.9 kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, waliona kwamba muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika sita hata video ilipokuwa ndefu zaidi. Ikumbukwe kwamba watazamaji hao walikuwa wamejiandikisha kwa hiari yao. Kwa mtoto aliyelazimika, hata dakika sita zaweza kuwa nyingi. Jambo moja kwa kila video, maneno machache kwenye kioo, na mwalimu asisome kwa sauti maandishi yaleyale yanayoonekana. Mwanga na kipaza sauti kizuri vina manufaa kuliko kamera ya gharama kubwa, kwa kuwa mwanafunzi huvumilia picha hafifu lakini havumilii sauti inayokatika.

Wanafunzi hawawashi kamera na hawajibu. Nitajuaje kama wanafuata?

Kamera isilazimishwe. Mwanafunzi anaweza kuwa na sababu za heshima kabisa: chumba anachoshirikiana na watu wengine, bando lisilotosha, au kutotaka wenzake waione nyumba yao. Isitoshe, uso unaotazama kioo hauthibitishi chochote.

Ushahidi wa kufuata somo utafutwe katika kitu ambacho mwanafunzi anakitoa. Kila baada ya dakika saba au nane mwalimu anaweza kuuliza swali ambalo wote wanalijibu kwa maandishi kwa wakati mmoja, akiwaomba waandike lakini wasitume hadi atakapotoa ishara, ili wenye haraka wasiwazibe wengine. Swali “mmeelewa?” halina faida, maana jibu lake ni ndiyo daima. Swali “hatua ya tatu ingekuwaje kama namba hii ingekuwa hasi?” humwonyesha mwalimu nani yuko wapi. Baada ya kuuliza, asubiri. Kimya cha sekunde kumi mtandaoni huonekana kirefu mno kwa mwalimu, ilhali mwanafunzi ndiyo kwanza anatafuta kitufe cha kipaza sauti.

Nina wanafunzi wengi. Nitawezaje kutoa mrejesho kwa wote?

Kwa kukubali kwamba si kila kazi isahihishwe kwa namna ileile. Maswali ya kuchagua jibu yasahihishwe na jukwaa lenyewe. Moodle na Google Classroom, pamoja na fomu za mtandaoni, zina uwezo huo. Kazi za kuandika zisomwe zote haraka, kisha mwalimu arekodi ujumbe mmoja wa sauti kwa darasa zima unaoeleza makosa matatu yaliyojirudia na namna ya kuyarekebisha. Mrejesho wa mtu mmoja mmoja utolewe kwa zamu, kundi moja kila juma, na uguse jambo moja tu ambalo mwanafunzi anatakiwa kulifanyia kazi na kulirudisha.

Mrejesho wa sentensi mbili unaofika kesho yake una thamani kuliko ukurasa mzima unaofika baada ya majuma matatu, wakati mwanafunzi ameshasahau hata swali lilikuwa nini.

Nitajuaje kwamba kazi imefanywa na mwanafunzi mwenyewe, hasa katika zama hizi za akili mnemba?

Hakuna njia ya uhakika, na ni afadhali kupanga tathmini kwa kulikubali jambo hilo. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoweza kuandika, ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, insha ya kawaida iliyoandikwa nyumbani haiwezi tena kusimama peke yake kama kipimo. Programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine hukosea. Kampuni ya OpenAI yenyewe, iliyotengeneza ChatGPT, iliiondoa yake Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo. Kumtuhumu mtoto kwa ushahidi wa programu ya aina hiyo ni hatari, na hakufai.

Kinachosaidia ni kubadili kazi yenyewe. Mwanafunzi aonyeshe hatua zake kwa picha za rasimu zilizoandikwa kwa mkono. Aeleze kwa sauti, kwa dakika mbili, kwa nini alichagua njia fulani. Aunganishe jibu na jambo lililojadiliwa katika kipindi. Mazungumzo mafupi ya simu na mwanafunzi mmoja mmoja baada ya kazi kubwa hufichua mengi. Alama za mwisho zigawanywe katika kazi nyingi ndogo, ili pasiwe na moja inayostahili kuibiwa. Ama kuhusu kuwaruhusu wanafunzi kutumia zana hizo, mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2023 ulipendekeza umri usiopungua miaka 13 kwa matumizi ya darasani, na shule inapaswa kuwa na kanuni iliyoandikwa badala ya kila mwalimu kuamua kwa hasira ya siku hiyo.

Madarasa ya chini yanaweza kufundishwa kwa njia hii?

Kwa kiasi, na kupitia mtu mzima aliye karibu na mtoto. Hapo mwanafunzi wa kweli wa mwalimu ni mzazi au mlezi: ndiye anayehitaji maelekezo ya shughuli fupi zinazotumia vitu vilivyopo, kama vile kuhesabu, kupanga kwa ukubwa, kusoma kwa sauti na kusimulia. Asitakiwe kuwa mwalimu wa kitaaluma, wala asilaumiwe mtoto asipomaliza.

Masomo ya vitendo je?

Majaribio ya kisayansi yanaweza kusaidiwa na PhET, vielelezo vya kompyuta vinavyoiga majaribio, vya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman. Ni vya bure, na vimetafsiriwa katika lugha nyingi. Mwanafunzi abashiri kwanza, kisha ajaribu, kisha aeleze tofauti kati ya ubashiri na matokeo, la sivyo atabaki kubonyeza tu. Jaribio lolote lenye moto, kemikali au umeme lisiagizwe kufanyika nyumbani.

Nizingatie nini kwa wanafunzi wenye ulemavu?

Mengi yanayowafaa wao huwafaa wote. Picha ya ukurasa wa kitabu haisomeki na programu ya kusomea wasioona, kwa hiyo maandishi yatumwe kama maandishi. Picha muhimu iwe na maelezo ya sentensi moja, video iwe na manukuu (maandishi ya yale yanayosemwa), na jambo lisitofautishwe kwa rangi peke yake. Kabla ya hayo yote, mwalimu amwulize mwanafunzi na familia yake ni njia gani wanayoitumia tayari.

Kuna tahadhari gani za usalama na faragha?

Kiungo cha kipindi kisiwekwe hadharani. Chumba cha kusubiria, ambamo kila anayeingia husubiri mwalimu amkubali, kiwashwe. Ruhusa ya kuwaonyesha wengine kioo cha kifaa ibaki kwa mwalimu. Mwalimu atumie akaunti ya shule, na mawasiliano na mtoto yapitie kundi au nakala imfikie mzazi, jambo ambalo humlinda mtoto na mwalimu pia. Kipindi kisirekodiwe bila wazazi kufahamishwa na kukubali, na rekodi isisambazwe nje ya darasa. Maoni ya Jumla Namba 25 ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, ya mwaka 2021, yanasema wazi kwamba haki za mtoto zinamfuata katika mazingira ya kidijitali. Alama zake na picha ya uso wake si mali ya kundi la WhatsApp. Programu inayodai taarifa nyingi za mtoto kuliko jina na darasa iachwe hadi uongozi wa shule uichunguze.

Je, ninaruhusiwa kutengeneza nakala ya kielektroniki ya kitabu kizima na kuwatumia wanafunzi?

Kwa kawaida hapana, ila pale sheria ya nchi au mchapishaji anaporuhusu. Zipo nyenzo huria zenye leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, zinazoruhusu kunakiliwa kwa masharti yaliyotajwa, na mara nyingi kuhaririwa pia.

Ujumbe wa wazazi na wanafunzi unaingia hadi usiku. Ninawajibika kujibu?

Hapana. Mwalimu atangaze mapema saa zake za kujibu, aziheshimu yeye mwenyewe kwa kutotuma kazi usiku, na ajibu maswali yanayofanana kwa ujumbe mmoja mahali ambapo wote wanauona. Anayejibu saa tano usiku mara moja huwa ameweka ratiba mpya bila kukusudia.

Shule ikifunguliwa, nifanye nini na yale tuliyofundisha kwa masafa?

Yasihesabiwe kuwa yameeleweka kwa sababu tu yalitumwa. Juma la kwanza litumike kupima, kwa maswali mafupi yasiyo na alama za mwisho, ni nani amefika wapi katika dhana zile ambazo mada zinazofuata zinazitegemea. Mengine yanaweza kusubiri. Matokeo yapangwe kwa dhana, wala si kwa majina ya waliofaulu na walioshindwa, ili mwalimu aone kipi kirudiwe kwa darasa zima na kipi kwa kundi dogo. Vitini, rekodi za sauti na maelekezo vihifadhiwe kwa mpangilio wa mada, kwa ajili ya mwanafunzi atakayelazwa hospitalini au kukosa masomo kwa muda mrefu.